Sauti ya Kituo Kikuu

Mama Kituo alikuwa na shamba la majani chai upande wa juu wa Masimba, lililopaliliwa vizuri kuliko mashamba yote ya jirani zake, na chai yenyewe hakuwahi kuinywa. Alikuwa Msabato wa kweli. Ukimtembelea alikuwekea maziwa ya moto au uji wa wimbi. Ukithubutu kuomba chai, alikuonyesha kwa kidole ile michai iliyoteremka mpaka mtoni, akasema, "Ile pale. Kachume, ukaushe, upike mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kuuza."

Na Msabato huyu aliajiriwa na masista Wakatoliki. Hospitali yao ya misheni ilikuwa na zahanati ndogondogo zilizotawanyika kwenye milima na mabonde mpaka Nyamira, ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii. Simu hazikuwepo huko. Kila zahanati ilipewa redio koli moja, betri ya gari ya kuiendesha, na mlingoti wa mti wenye waya juu yake. Redio kubwa ilikaa hospitalini, katika chumba kidogo kando ya stoo ya dawa, na aliyekaa mbele yake kutoka asubuhi mpaka jioni alikuwa yeye. Hewani jina lake lilikuwa Kituo Kikuu. Sisi tuliongeza Mama kwa heshima, likamganda hata sokoni.

Mimi nilikuwa nesi mkunga wa zahanati iliyokuwa bondeni, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Kebirigo, kwa hiyo hewani niliitwa Bondeni. Yeye hakuniita jina jingine tangu mwanzo, hata tulipokuwa tumekaa pamoja tunabangua njugu.

Karibu mwaka mzima nilimjua kwa sauti tu. Kila asubuhi alifungua redio kwa salamu ya asubuhi ya Kikisii, "Bwakire," polepole, kisha akaita vituo kimoja kimoja. Sauti ilikuwa ya chini na laini, kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Nikajichorea mwanamke mwembamba, mpole, labda mwenye miwani. Siku niliyotumwa hospitalini kuchukua chanjo nilikuta uani mama mmoja mkubwa, kanga kiunoni, akimkaripia mtu aliyeleta kuni mbichi. Kuku walikuwa wamekimbilia chini ya gari. Watu waliopanga foleni ya daktari walikuwa wameinamisha vichwa kana kwamba wao ndio walioleta zile kuni. Nikamuuliza mlinzi, Mama Kituo nitampata wapi. Akanitazama.

"Wewe humsikii?" akasema.

Ile sauti aliipata kwenye matuta ya kwao. Kabla ya mambo ya redio, habari katika milima yetu zilipita kwa kinywa: mtu anasimama kwenye tuta lake, anapaza sauti, wa tuta la pili anaipokea, anaisukuma mbele. Ng'ombe amepotea, mgonjwa amezidiwa, fulani amefariki. Mama Kituo alikuwa mmoja wa wale waliotegemewa kwa kazi hiyo tangu ujana. Alikuwa akieleza kwa fahari kwamba siku moja alimwita shemeji yake aliye ng'ambo ya mto, na aliyeitika ni chifu wa lokesheni ya pili. Sijui kama ni kweli. Lakini nilimsikia sokoni Masimba akipatana bei ya viazi na mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa barabara, malori yakipita katikati, na alipunguziwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetufundisha kunong'ona.

Kila redio ilikuwa na swichi ya nguvu, ya kuzungusha, yenye ngazi tano. Ngazi ya kwanza ilirusha sauti karibu, ya tano ikairusha mbali. Sisi wa zahanati tulipopewa mashine hizo tulifanya ambalo mtu yeyote angefanya: tukazungusha mpaka mwisho, tukaacha hapo. Mama Kituo akakataa. Vituo vyote vilitumia wimbi moja, na mmoja wetu aliyekuwa juu kilimani akiongea kwa ngazi ya tano alimfunika kabisa yule aliye mbali shimoni. Zaidi ya hapo, ngazi ya tano ilinyonya betri kama ndama aliyelala njaa, na betri ikiisha ilipaswa kufungwa nyuma ya baiskeli na kusukumwa milimani mpaka hospitalini kwenda kuchajiwa.

Alituita kwenye semina. Wengine walidhani tungepewa vitabu. Alituingiza kwenye ile stoo ya dawa, akafunga dirisha, akawasha koroboi na kuiweka kwenye rafu ya mbali.

"Mnaiona?"

Tukasema tunaiona.

Akawasha karabai, akaipampu mpaka ikaanza kuvuma, akaiweka mbele yetu. "Sasa koroboi iko wapi?"

Hatukuiona. Tuliona karabai tu, na vivuli vyetu ukutani.

"Haijazimika," akasema. "Inawaka vilevile. Ila mwenzake amewaka kupita haja." Akaizima karabai, akafungua dirisha. "Nguvu ni ya kukufikisha, si ya kukuonyesha. Nendeni mkale."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yote.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu asubuhi alitupima. Uliita ukiwa ngazi ya kwanza. Yeye alisikiliza, kisha akasema, "Panda." Unapanda moja, unaita tena. "Panda. Hapo hapo. Nakupata vizuri, kaa hapo." Mvua zikianza, migomba ikilowa na mawingu yakishuka, alikuongeza ngazi moja. Jua likirudi hakusahau kukushusha. Mtu mwingine angekuacha tu juu, maana kupanda hakuna anayelalamikia. Yeye alikuita: "Bondeni, kumekauka sasa. Shuka moja. Bado nakupata. Asante, mama." Kila mmoja wetu alikuwa na ngazi yake, na iligeukageuka kama bei ya mayai. Mimi wa shimoni nilihitaji nne. Dresa, mfunga vidonda wa kituo cha Mlimani, aliyekuwa tuta moja juu yangu akiitazama Kisii nzima kama ramani, alitosheka na ya pili.

Alitosheka, lakini hakuridhika. Dresa alikuwa kijana mwenye viatu vilivyong'arishwa na Kiswahili cha kambini Nakuru, alipofanya kazi kwanza, na aliipenda sauti yake. Alijua kwamba kwa ngazi ya tano alisikika hata kwenye misheni nyingine za mbali, na watu wa huko walimjua. Jumatatu alipimwa akashuka. Jumanne alikuwa amepanda tena.

"Mlimani, umevaa viatu vya nani leo?" Mama Kituo alikuwa akimuuliza. "Mbona mguu umekuwa mkubwa?"

"Ni upepo, Mama Kituo. Upepo unanisukuma."

"Upepo hauingii kwenye redio, mwanangu. Shuka."

Nisimfanye malaika. Aliyaamini masikio yake kupita kiasi, na wakati mwingine yalimdanganya. Msimu mmoja alimwandama nesi wa zahanati ya upande wa Tabaka, mama mtu mzima, kwamba anatumia nguvu kubwa kwa makusudi. Yule mama aliapa yuko ngazi ya kwanza. Mama Kituo akamwambia hewani, sisi sote tukisikiliza, kwamba mwongo hupanda kidogo kidogo. Kumbe swichi ya redio ile ilikuwa imeharibika ndani, ukiiweka kokote ilikuwa juu. Fundi alipoigundua, Mama Kituo hakusema neno hewani. Jumapili yake alibeba mkungu wa ndizi mgongoni, akapanda gari mpaka lilipoishia, akatembea kilichobaki, akamkuta yule mama anatoka misa. Aliomba msamaha mbele ya kanisa, kwa ile sauti yake ya tutani, kwa sababu alisema kosa alilitenda mbele ya watu. Padri mwenyewe alitoka nje kutazama kuna nini.

Halafu kulikuwa na suala la Sabato. Jumamosi hakugusa redio. Sista mmoja alishika zamu yake. Lakini ibada ikiisha, Mama Kituo alipita hospitalini na Biblia yake mkononi, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha la chumba cha redio, kupumzika. Sista akikwama, alisikia sauti kutoka nje: "Kama ningekuwa kazini, ningemwambia yule apande moja." Sista alimwambia apande moja. "Lakini mimi siko kazini," Mama Kituo aliongeza, na kufungua Biblia.

Siku ninayotaka kuieleza haikuwa Sabato. Ilikuwa katikati ya wiki, mvua ndefu zikiwa zimeshika. Mto wetu ulikuwa umefunika daraja la chini, na mwenye baiskeli aliyepaswa kuniletea betri mpya alikuwa amekwama ng'ambo. Betri niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Asubuhi wakaniletea mama mmoja wa watoto wengi, akiwa amekwisha kujifungua njiani. Mtoto alikuwa salama. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe. Damu ndiyo iliyokataa kukoma.

Nilifanya niliyofunzwa. Nilimsugua tumbo, nikamtoa mkojo kwa mpira, nikamweka mtoto kwenye titi, nikamchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Damu ikapungua, ikarudi. Alihitaji daktari na alihitaji kuongezewa damu, na mimi sikujua kama Land Rover ya hospitali ingeweza kufika, wala kama niliruhusiwa kumchoma sindano ya pili. Nikamwonyesha mama mkwe wake, aliyekuja naye, namna ya kuendelea kusugua tumbo, nikakimbilia redio chumba cha pili.

Nilikuta Dresa hewani, anasoma mahitaji yake ya dawa kwa nguvu zote. "Bendeji. Pamba. Dawa ya minyoo, ile ya maji." Nikasubiri. Aliposhika pumzi nikaingia: "Kituo Kikuu, hapa Bondeni." Yeye akaendelea na sabuni. Hakunisikia, maana kwenye redio zile aliyeshika kitufe kuongea hasikii, na aliyekiachia hasikiki. Nikapandisha swichi mpaka ya tano, nikabonyeza, na ile taa ndogo ya redio ikafifia, ikazimika. Nikaachia, ikarudi. Nikabonyeza tena, ikazimika tena. Kutoka chumba cha mgonjwa mama mkwe akaita, akimaanisha mkaza mwanawe, kwa Kiswahili cha kukusanya, "Nesi, mtoto yangu nabaridi."

Baadaye Mama Kituo aliniambia alichosikia: mkwaruzo tu, chini ya pamba na sabuni za Dresa. Mwingine angesema ni mvua.

"Mlimani, nyamaza," akasema mara Dresa alipoachia kitufe. "Vituo vyote, nyamazeni. Kuna mtu chini."

Kukawa kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile kwenye redio, na vituo vyote vimewashwa.

"Anayeniita, sikupati maneno. Kama ni Bondeni, usiseme kitu. Betri yako imechoka. Shuka mpaka ngazi ya kwanza, kisha bonyeza mara moja."

Nilidhani amekosea. Mimi nazama, na yeye ananiambia nishuke. Kidole changu kilikuwa kwenye ile swichi na sikutaka kuizungusha. Kama ingekuwa sauti nyingine, nisingeizungusha. Nikashuka, nne, tatu, mbili, moja. Nikabonyeza. Taa ikafifia kidogo, ikabaki.

"Sijakupata," akasema. "Usipande. Bonyeza tena."

Nikabonyeza.

Aliyejibu ni Dresa, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. "Kituo Kikuu, hapa Mlimani. Mimi nampata. Amebonyeza mara moja."

"Asante, baba. Wewe sasa ni sikio langu. Kaa ngazi ya pili, unanitosha. Bondeni, mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ni mama mzazi?"

Mara moja.

"Mtoto ametoka?"

Mara moja.

"Damu?"

Nikabonyeza, na nadhani nilishikilia kitufe kuliko ilivyohitajika, kwa sababu Dresa alisema, "Ndiyo. Ndiyo sana."

Daktari aliitwa. Mama Kituo aliuliza yote aliyoambiwa aulize, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, bila kuharakisha: kama kondo limetoka, kama sindano imechomwa, kama ninayo nyingine, kama daraja linapitika. Mimi nilikimbia huku na huku kati ya mgonjwa na redio, nikibonyeza, na Dresa akipokea vibonyezo vyangu na kuvigeuza maneno. Jibu likaja: mchome ya pili, mkandamize tumbo kwa mikono miwili usiachie, wapate wabebaji, mlete juu Mlimani kwa machela. Land Rover ingepita barabara ya juu.

"Umesikia, Bondeni?"

Mara moja.

"Basi zima redio uende. Mama huyu atapona. Nenda, mama."

Wanaume waliokuwa wamejikinga mvua kwenye baraza ya zahanati walibeba. Mimi nilitembea kando ya machela nikiwa nimeinama, ngumi zangu tumboni mwa mgonjwa. Katikati ya mlima tukakutana na Dresa akiteremka na watu wake kutupokea, viatu vyake vikiwa vimepotea rangi kwa matope, na yeye mwenyewe akaingia chini ya mti wa machela. Land Rover ilikuwa imefika kabla yetu.

Yule mama alipona. Miezi kadhaa baadaye alikwenda hospitalini na mkungu wa ndizi, akaomba aonyeshwe kitu kilichomwita daktari. Wakampeleka chumba cha redio. Akaitazama ile mashine, akainama kidogo, akaisalimu, akauweka mkungu mbele yake.

"Iache hiyo, haili ndizi," Mama Kituo akasema. "Nipe mimi."

Dresa naye alibadilika, tena vibaya. Kwa majuma alikaa ngazi ya kwanza hata ukungu ukiwa umemfunika, hakuna aliyemsikia vizuri isipokuwa mimi. Mama Kituo alivumilia, kisha akachoka. "Mlimani, toba imezidi. Panda, tukusikie."

Hivyo ndivyo miaka yetu ilivyokwenda. Nilipohamishiwa hospitali ya mjini Kisii nilimsikia mara chache, na miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho misheni ilifunga mlingoti mkubwa wa chuma mlimani, wenye mashine ya kupokea sauti ya kila kituo na kuirusha upya. Hapakuwa tena na haja ya mtu wa kumwambia mwenzake apande au ashuke. Mama Kituo alistaafu. Jirani waliniambia ameliachia shamba la chai kwa mwanawe, naye amekwenda kukaa Tabaka kwa binti yake aliyeolewa huko.

Nilimfuata siku moja nilipokuwa na likizo. Nilimkuta amekaa na wanawake wengine mbele ya karai la maji, wanasugua mawe yaliyokwisha kuchongwa, vinyago vya viboko na mabakuli, mpaka yang'ae. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga wa mawe mpaka viwikoni. Alikuwa amepungua mwili. Aliponiona hakuinuka, aliita tu, "Bondeni," na wanawake wote wakageuka kutazama bonde liko wapi.

Nilikula kwake. Tuliongea juu ya wajukuu, juu ya bei ya majani chai, juu ya Dresa ambaye alikuwa amekuwa mwinjilisti na sasa alisikika kwa spika kubwa sokoni Kebirigo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Jua lilipogeuka nikaaga, naye akasema atanisindikiza. Binti yake akasema mama, miguu yako. Akatangulia kutoka.

Tulitembea polepole kati ya vipande vya mawe yaliyovunjika, na hapo ndipo nilipomuuliza jambo ambalo nilikuwa nimekaa nalo tangu siku ya ile mvua. Nilimwambia sindano na mikono vilikuwa kazi yangu, nilivijua. Kilichonifanya nisianguke ni sauti yake, kwamba haikutikisika hata mara moja. Nikamuuliza, alijuaje kwamba yule mama angepona?

"Sikujua," akasema. "Ulipobonyeza ile ndiyo ndefu, ya damu, nililia. Dada yangu aliondoka hivyo hivyo, kwenye nyumba ya mama yetu, nikiwa nimeshika kichwa chake. Nilikuwa nikiachia kitufe nalia, nikishika kitufe nanyamaza. Sista alinishika mabega akidhani nitaanguka."

"Na mimi sikusikia kitu."

"Ungesikiaje? Nilikuwa nimeachia."

"Kwa nini hukuniambia, Mama, miaka yote hii?"

Alisimama kupumzisha miguu. Chini yetu wanaume walikuwa wanapasua mawe machimboni.

"Ungemkandamiza vipi yule mama," akasema, "kama ungejua mikono yangu mimi inatetemeka?"

Kisha akaufuta mkono wake kwenye kanga, akanishika wangu, tukaendelea kutembea. Hakuuachia mpaka barabarani, na gari lilipokuja nilimwomba dereva angoje kidogo.